Kupona Si Ushahidi: Mhadhara juu ya Seli Shina na Maumivu Sugu ya Mgongo



Yako maradhi ambayo mtu aweza kuishi umri wake wote asiyajue ila kwa kusikia, lakini maumivu ya mgongo si miongoni mwa hayo. Humpata hamali wa bandarini aliyeshinda na gunia begani, humpata mkulima aliyeinamia jembe tangu alfajiri, humpata dereva wa daladala na fundi cherehani wanaokaa kitako mchana kutwa, na karani ambaye hakupata kubeba kitu kizito kupita daftari lake hasalimiki. Hesabu zilizokusanywa kwa dunia nzima zaonyesha kwamba katika mwaka 2020 watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya mgongo wa chini, na yakadiriwa kwamba mwaka 2050 watafikia milioni 843. Wala hapana maradhi mengine yanayowatia watu katika ulemavu kwa miaka mingi zaidi kuliko haya. Anayeumwa kwa juma moja au mawili huvumilia. Anayeumwa kwa zaidi ya miezi mitatu, ambaye matabibu humhesabu kuwa na maumivu sugu, hutafuta. Na mwenye kutafuta hapati taabu ya kukutana na mwenye kuuza.

Kinachouzwa sana katika zama zetu kwa mtu wa namna hiyo ni sindano ya seli shina. Huambiwa kwamba zipo chembe hai, zilizotolewa katika uboho wa mifupa yake mwenyewe, au katika mafuta ya tumbo lake, au katika kitovu cha mtoto wa watu aliyezaliwa karibuni, ambazo zikidungwa mgongoni hukifanya upya kilichochakaa. Na huonyeshwa watu waliodungwa wakasimama, wakatembea, wakashukuru. Nia yangu jioni hii si kuwaita watu hao waongo, maana wengi wao ni wakweli, wala si kuidhalilisha elimu ya seli shina, maana ni elimu tukufu iliyokwisha kuokoa roho za watu. Ninalotaka kulithibitisha mbele yenu ni kwamba katika maradhi ya mgongo kupona kwa mgonjwa, peke yake, hakuwi ushahidi wa dawa aliyopewa. Na kwamba tiba hii, kwa maradhi haya, ingali swali linaloulizwa na wataalamu, haijawa jawabu la kupelekwa sokoni. Nitaanza kwa umbile la mgongo, kisha nitaeleza seli shina ni nini, nitasimulia majaribio yaliyofanywa na natija zake, na mwisho nitasema mgonjwa afanye nini.

Uti wa mgongo umejengwa kwa pingili zilizopandana, na baina ya pingili, kuanzia shingoni mpaka kiunoni, zimewekwa diski 23, kila moja ikiwa na kiini laini chenye maji mengi na mzingo mgumu wa nyuzi uliokizunguka pande zote. Kiini hicho, kwa maji yake, hupokea uzito wa mwili na kuueneza sawasawa, na mzingo hukizuia kisitoke mahali pake. Lililo la ajabu katika umbile hili ni kwamba diski ya mtu mzima haina mishipa ya damu ndani yake, na hapana sehemu nyingine ya mwili iliyo kubwa kiasi hicho ikaishi bila ya damu kuipitia. Chembe zilizomo katikati ya diski ya kiunoni zaweza kuwa mbali na mshipa wa damu ulio karibu kwa milimita 6 hadi 8, na chakula na hewa ya kuzilisha havina budi kupenya polepole kutoka pingili ya juu na pingili ya chini, kupitia bamba jembamba la gegedu, huku takataka za asidi zikirudi kwa njia ile ile. Tena zile chembe za asili zilizokiumba kiini tumboni mwa mama, mwanadamu huzipoteza karibu zote katika utoto wake. Kwa sababu hizi diski huanza kuzeeka kabla ya mwenyewe: maji hupungua, kimo hushuka, mzingo hufanya nyufa, na mishipa ya fahamu, ambayo katika diski nzima haipiti ukingo wa nje, hufuata nyufa hizo ikaingia ndani.

Msikilizaji mwepesi atasema kwamba basi sababu ya maumivu imepatikana, nayo ni diski iliyochakaa. Laiti ingekuwa nyepesi hivyo! Mwaka 1934 matabibu wawili wa Boston, Mixter na Barr, walitangaza kwamba diski iliyopasuka yaweza kuubana mshipa wa fahamu na kuleta maumivu ya kiuno na mguu, nao walisema kweli. Lakini tangu siku hiyo diski imebebeshwa lawama ya karibu kila mgongo unaouma. Zilipokusanywa picha za uti wa mgongo za watu 3,110 ambao hawakuwa na maumivu yoyote, katika uchunguzi uliotolewa mwaka 2015, ilionekana kwamba diski zilizochakaa zimo katika watu 37 kwa kila 100 wenye umri wa miaka 20, na katika watu 96 kwa kila 100 wenye umri wa miaka 80. Uchakavu wa diski, basi, ni sehemu ya umri, na picha inayoonyesha diski iliyosinyaa haituambii kwa yakini kwamba hiyo ndiyo inayouma. Katika wengi wa wenye maumivu ya mgongo, takriban 9 kwa kila 10, hapapatikani jeraha wala ugonjwa mmoja wa kuonyeshwa kwa kidole: huenda ikawa ni misuli, huenda ikawa ni viungo vidogo vya pingili, huenda ikawa ni diski, na aghalabu ni mchanganyiko wa hayo, na juu yake usingizi uliokosekana, huzuni, hofu ya kuinama na wasiwasi wa riziki huzidisha kile ambacho mwili umekianza.

Tuje sasa kwenye seli shina. Chembe nyingi za mwili zimekwisha kushika kazi zake, hii ya ngozi, hii ya ini, hii ya moyo, wala haziiachi kazi hiyo mpaka kufa kwake. Lakini zimo chembe ambazo zaweza kujizalia mfano wake, na pia kuzaa nyingine zitakazoshika kazi maalumu, na hizo ndizo ziitwazo seli shina. Mwaka 1961, mjini Toronto, James Till na Ernest McCulloch walionyesha katika panya kwamba ndani ya uboho zimo chembe ambazo moja tu yaweza kuzaa ukoo mzima wa chembe za damu. E. Donnall Thomas wa Seattle aliyetumia umri wake kuwatibu wenye saratani ya damu kwa uboho wa watu wengine alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1990, na leo tiba hiyo haiko mbali nasi: katika Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, watoto wenye selimundu wamepandikizwa uboho na wakapata damu mpya. Natia mkazo hapa, maana hii ni tiba ya seli shina iliyothibiti, na burhani yake ni ya kupimwa: uboho wa zamani huondolewa kwa dawa kali, uboho wa mtoaji hutiwa, na damu inayozaliwa baadaye huchunguzwa ikajulikana kuwa ni ya mtoaji. Hapo hapana haja ya kumwuliza mgonjwa anajionaje.

Seli zinazodungwa mgongoni, hata hivyo, ni za ukoo mwingine. Alexander Friedenstein wa Moscow, katika miaka ya 1960 na 1970, alizigundua ndani ya uboho chembe zinazoshikamana na chombo cha kuoteshea na zenye uwezo wa kufanya mfupa. Na mwaka 1991 Arnold Caplan wa Cleveland alizipa jina la kuzihesabu miongoni mwa seli shina, kwa matumaini kwamba zitakuja kuujenga upya mfupa, gegedu na kano zilizoharibika. Ndani ya bakuli la maabara, zikiongozwa kwa dawa zinazofaa, kweli hufanya gegedu; lakini zikitiwa katika mwili wa mtu, nyingi haziishi muda mrefu wala hazigeuki kuwa nyama mpya, bali hutoa vitu vya kutuliza uvimbe na kuziamsha chembe za mwenyeji. Caplan mwenyewe, mwaka 2017, aliandika kutaka jina lile alilolitoa libadilishwe, kwa kuwa kazi ya seli hizo haikuwa ile iliyodhaniwa. Basi mtu anayeahidi kwamba sindano yake itaijenga diski upya, anaahidi jambo ambalo hata aliyezipa seli hizo jina lake amekwisha kuliacha.

Na diski ni mahali pagumu mno pa kupelekewa wageni. Tumekwisha kuona kwamba chakula chake ni haba, hewa yake ni chache, na asidi imo. Mwenye kuingiza humo seli milioni kadhaa ni kama nahodha anayewashusha mabaharia wake katika kisiwa kisicho na kisima, ambaye kadiri anavyowashusha wengi, ndivyo akiba ya maji inavyokwisha upesi. Isitoshe, sindano yenyewe si kitu cha kupuuzwa. Mwaka 2009 ilitolewa habari ya watu waliotobolewa diski kwa sindano ya uchunguzi, bila ya tiba yoyote, wakafuatwa kwa miaka 10 na kulinganishwa na wenzao wasiotobolewa. Ikadhihirika kwamba diski zilizotobolewa zilichakaa zaidi. Kwa hiyo anayeingia na sindano anaingia na deni, na seli zake hazina budi kulilipa deni hilo kwanza kabla ya kuhesabiwa faida.

Hata hivyo elimu haiendi kwa dhana, huenda kwa tajiriba, na wataalamu hawakuketi. Mwaka 2011 watafiti wa Uhispania walitangaza habari za wagonjwa 10 waliodungwa katika diski seli zilizooteshwa kutoka uboho wao wenyewe: maumivu yalipungua upesi na kwa kiasi kikubwa, ingawa kimo cha diski hakikurudi. Habari hiyo iliwafurahisha wengi, lakini haikuwa na kundi la kulinganisha nalo. Mwaka 2017, kutoka Valladolid nchini humo, ikaja habari ya wagonjwa 24 waliogawanywa kwa bahati nasibu, nusu wakapewa seli milioni 25 za mtoaji mwingine katika kila diski, nusu wakapewa dawa ya ganzi tu katika misuli iliyo kando ya uti wa mgongo. Waliopewa seli walipata nafuu zaidi, lakini nafuu hiyo ilionekana kuwahusu takriban 40 kwa kila 100 kati yao, na waliobaki hawakupata kitu cha kutajwa. Kundi la watu 24, nanyi mnajua, ni kundi ambalo watu wawili wakibadili majibu yao hesabu nzima hubadilika.

Ndipo yakaja majaribio makubwa, na haya nataka myashike vizuri. Kampuni ya Mesoblast, ya Melbourne, iliwakusanya katika Marekani na Australia wagonjwa 404 waliokuwa wameumwa na mgongo kwa zaidi ya miezi sita wasinufaike na tiba za kawaida. Wakagawanywa kwa bahati nasibu katika makundi matatu, mawili yakadungwa seli milioni 6 kwa namna mbili za utayarishaji, na la tatu likadungwa maji ya chumvi, wala mgonjwa hakujua alichotiwa. Mwezi wa Februari mwaka 2021 natija zilitangazwa: lengo kuu, lililounganisha kupungua kwa maumivu na kurudi kwa uwezo wa kutenda kazi, halikufikiwa. Kampuni ikasema kwamba katika baadhi ya wagonjwa, na hasa walioumwa kwa miaka michache zaidi, maumivu yalipungua kuliko katika waliopewa maji ya chumvi. Kulichagua kundi baada ya hesabu kufunguliwa si kosa, maadamu mtu akiri kwamba alichopata ni swali jipya na si jawabu. Na kwa insafu ni wajibu kusema kwamba swali hilo limepelekwa katika jaribio jingine, lililoanza mwaka 2024, la kuwaingiza wagonjwa 300, ambalo kipimo chake kikuu ni maumivu baada ya miezi 12.

Mwaka huo huo wa 2024 yalitolewa matokeo ya jaribio la Ulaya liitwalo RESPINE, lililoongozwa kutoka Montpellier, Ufaransa. Wagonjwa walikuwa 114. Baadhi yao walitiwa katika diski seli milioni 20 za uboho wa mtoaji, na wengine walifanyiwa kila kitu cha sura na adabu ya tiba hiyo bila ya seli kuingia katika diski. Baada ya mwaka mmoja, kati ya kila watu 100 waliopewa seli takriban 74 walihesabiwa kuwa wamepata nafuu, na kati ya kila 100 waliofanyiwa igizo la tiba takriban 69 walihesabiwa vivyo hivyo. Tofauti hiyo ni ndogo mno kuweza kutengwa na bahati, na picha za diski hazikuonyesha kwamba maji ya kiini yalirudi kwa kundi moja zaidi ya jingine. Itazameni hesabu ile ya pili: watu 69 katika kila 100, ambao diski zao hazikuingiwa na seli hata moja, walipata nafuu! Laiti tabibu wa mtaani angewafanyia igizo lile lile watu 100 kwa malipo, angekuwa na mashahidi 69 wa kweli, wenye shukrani, walio tayari kupigwa picha. Naye mwenyewe, bila ya kumdanganya mtu kwa makusudi, angeamini kwamba mkono wake una baraka.

Kwa nini mambo huwa hivyo? Sababu ya kwanza ni tabia ya maradhi yenyewe. Maumivu ya mgongo hupanda na kushuka, na mtu haendi kwa tabibu siku yaliposhuka, huenda siku yalipopanda. Kwa hiyo lolote analofanyiwa siku ile, liwe sindano, liwe kafara, liwe kulala tu, hufuatwa na siku zilizo nyepesi zaidi. Ya pili ni matumaini: aliyesikilizwa kwa utulivu, akapimwa kwa mitambo, akaahidiwa na mtu mwenye haiba, huogopa kidogo zaidi, husogea zaidi, hulala zaidi, na maumivu ambayo sehemu yake ilikuwa hofu hupungua kweli, si kwa kujidanganya. Ya tatu ni kwamba sindano haiji peke yake. Huja na mapumziko, na mazoezi, na dawa za maumivu, na sifa zote hupewa sindano.

Haya si maneno ya nadharia tu, kwa maana yamekwisha kutokea katika mgongo huu huu. Kwa miaka mingi wagonjwa ambao pingili zao zilivunjika kwa udhaifu wa mifupa walidungwa saruji ya matabibu ndani ya pingili, na nafuu ilikuwa ya kuonekana kwa macho, hata wengine wakasema kwamba kuijaribu tiba hiyo kwa kuilinganisha na igizo ni kuwanyima watu haki yao. Mwaka 2009 majaribio mawili, yaliyotolewa pamoja, yalifanya ulinganifu huo: waliotiwa saruji walipata nafuu, na waliofanyiwa igizo bila ya saruji walipata nafuu iliyo sawa nayo.

Wala kanuni hii ya kulinganisha isidhaniwe kuwa ni uzushi wa Wazungu wa juzi. Abu Ali Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, katika kitabu chake cha Qanun, aliweka masharti ya kuijaribu dawa, na matatu katika hayo yangetutosha usiku huu. Alitaka dawa ijaribiwe katika maradhi yaliyo safi, si katika maradhi yaliyochanganyika. Na maumivu ya mgongo, kama nilivyoeleza, yamechanganyika mno, hata kundi moja la wagonjwa huwa ndani yake na watu wenye maradhi mbalimbali yaliyovaa dalili moja. Alitaka taathira ya dawa ionekane daima au katika wengi, maana kinachoonekana mara moja moja yamkini ni sadfa. Na hizo 40 kwa 100 za Valladolid zilihitaji kuthibitishwa na majaribio makubwa, nayo hayakuzithibitisha. Tena alitaka dawa ijaribiwe kwa mwanadamu, kwa kuwa inayomfaa simba au farasi si lazima imfae mtu. Na kwa kweli matumaini mengi ya tiba hii yalitokana na sungura, ambaye diski zake ni ndogo, hutembea kwa miguu minne, na huzihifadhi mpaka utu uzima wake zile chembe za asili ambazo mwanadamu huzipoteza utotoni. Tabibu huyo wa Bukhara hakujua habari ya seli, lakini alijua namna ya kutohadaika.

Yupo atakayesema: kama igizo linaponya, na sindano inaponya, hasara iko wapi? Hasara ya kwanza ni ya mwili. Mwaka 2018 wagonjwa 12 katika majimbo ya Texas, Florida na Arizona walilazwa hospitali kwa sababu ya vijidudu vilivyoingia pamoja na dawa zilizotengenezwa kwa damu ya kitovu, ambazo walidungwa katika viungo na mgongo. Mwaka 2016 iliandikwa habari ya mtu wa miaka 66 aliyekwenda China, Argentina na Mexico kutafuta tiba ya kiharusi kwa seli shina, akaotewa ndani ya uti wake wa mgongo na uvimbe uliojengwa kwa chembe zisizo zake, ukamletea maumivu ya mgongo na kupooza. Mwaka 2017 ikaandikwa habari ya wanawake watatu wa Florida waliodungwa machoni seli zilizotolewa katika mafuta yao wenyewe, kila mmoja akiwa amelipa dola 5,000, na wote wakaharibikiwa na macho vibaya. Na kati yao walikuwamo waliodhani kwamba wanashiriki katika utafiti. Hasara ya pili ni ya mali na ya muda, na hapa mtu wa kwetu huumia kuliko tajiri wa Ulaya, maana huuza shamba au huchangiwa na ukoo mzima ili asafiri, na akirudi bila ya nafuu harudi kwenye shamba lake. Hasara ya tatu ni ya elimu yenyewe: kila anayelipa kwa sindano isiyoandikwa katika daftari la utafiti amelipia kutojulikana kwa jambo ambalo angeweza kusaidia kulijulisha.

Na biashara hii si ndogo. Hesabu iliyofanywa Marekani mwaka 2016 iliziona kampuni 351 zilizokuwa zikiwatangazia wagonjwa moja kwa moja tiba za seli katika kliniki 570, ilhali Mamlaka ya Chakula na Dawa ya nchi hiyo haikuwa imeidhinisha sindano yoyote ya seli shina kwa maumivu ya mgongo. Mwezi wa Desemba mwaka 2024 mamlaka hiyo iliidhinisha kwa mara ya kwanza dawa ya seli za ukoo ule wa Caplan, nayo ni ya Mesoblast, kampuni ile ile niliyoitaja. Lakini iliidhinishwa kwa watoto ambao uboho waliopandikizwa umewageukia na kuwashambulia miili yao, wala si kwa mgongo. Mwaona basi kwamba mlango haukufungwa kwa chuki: aliyeleta ushahidi kwa maradhi fulani alifunguliwa kwa maradhi hayo.

Sasa mgonjwa afanye nini? Kwanza ajulikane anaumwa na nini. Maumivu yanayokuja na homa, au kukonda, au jasho la usiku, au miguu kufa ganzi, au kushindwa kuuzuia mkojo na choo, au yaliyofuata ajali, hayangojewi wala hayadungwi kwa kubahatisha: yaweza kuwa kifua kikuu cha mifupa, ambacho katika nchi zetu hakijatoweka na ambacho dawa yake ipo, au saratani, au mshipa wa fahamu uliobanwa unaotaka upasuaji wa haraka. Hayo yakiisha kuondolewa, Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa Desemba 2023, limeshauri kwa maumivu sugu ya mgongo elimu ya kumwezesha mgonjwa kujitunza, mazoezi yaliyopangwa, tiba za mikono kama kukandwa na kunyooshwa uti wa mgongo, msaada wa kifikra kwa anayehitaji, na dawa za kutuliza uvimbe kwa kiasi. Na limeshauri kutotumia mishipi ya kiuno, wala kuvutwa mgongo, wala dawa za kulevya za jamii ya afyuni. Ni mambo yasiyong'aa, na mtaalamu wa fiziotherapia wa hospitali ya mkoa aweza kuyaanzisha. Thamani yake ni kwamba yamepimwa, na mwenye kuyafanya hana cha kuuza.

Na mtu akiletewa habari ya sindano ya seli, asiikatae kwa ujinga wala asiikubali kwa tamaa, bali aulize. Je, hili ni jaribio lililosajiliwa, lenye kibali cha maadili, ambacho kwa Tanzania hutafutwa katika Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu? Seli zimetoka kwa nani, na nani amezipima kwamba hazina vijidudu? Nikidhurika, nani atanihudumia, na nani atanifuata baada ya mwaka mmoja na miaka miwili? Je, ninatakiwa nilipe? Mtafiti wa kweli aghalabu hamtozi mgonjwa ada ya kujaribiwa dawa ambayo haijajulikana kama inafaa, kwa kuwa katika hali hiyo mgonjwa ndiye mtoaji, na anachokitoa ni mwili wake. Jaribio likiwa la namna hiyo, na mgonjwa akaelezwa yote akaridhia, kuingia kwake si ujinga hata kidogo. Ni fadhila kwa watu watakaoumwa baada yake, hata kura yake ikiangukia kwenye sindano tupu.

Matabibu wetu nao wana sehemu yao. Nchi ambayo imeweza kupandikiza uboho haishindwi kuendesha jaribio la haki, wala hatuna sababu ya kungoja kila jawabu litoke Melbourne au Montpellier, ilhali migongo ya mahamali na wakulima wetu haikuwamo katika hesabu zao. Lakini mpaka siku jawabu litakapopatikana, uchunguzi wa mwanzo uwe wenu wenyewe. Mtu akija kwenu na habari za waliodungwa seli wakapona, msimkanushe, maana yamkini asemayo ni kweli; mwulizeni habari za waliodungwa maji ya chumvi, wangapi kati yao walipona, na akiwa hana watu wa namna hiyo, jueni kwamba hana bado la kuwaeleza kuhusu dawa yake.